Fundi mpya, usiubonyezee X ule ujumbe

Wadogo zangu mnaoanza ufundi kwenye steshenari za Makoroboi na Nyegezi hapa Mwanza, nawaomba: Chrome ikisema inahitaji Windows 10, msiufunge ule ujumbe mkaendelea na kazi. Kwenye Windows 7 Chrome iliishia toleo la 109, la Januari 2023. Wateja wanaingizia humo nywila za mikopo ya chuo na maombi ya ajira.

1. Andikeni chrome://version pale juu panapoandikwa anwani, msome namba ya toleo. Sekunde tano tu.

2. "Antivairasi ipo" si jibu, na hili linanikera kuliko yote. Chukueni mfano wa tundu la usalama la Machi 2019, lililoorodheshwa kama CVE-2019-5786, kwenye FileReader, sehemu inayosoma mafaili. Chrome iliachia kipande cha kumbukumbu huku bado inashikilia anwani yake. Ni kama gesti ya pale stendi: mgeni kaondoka, chumba kapewa mwingine, mhudumu anaingia na oda ya yule wa kwanza. Javaskripti ya mvamizi, yaani msimbo unaoendeshwa ndani ya ukurasa, inawahi kukikalia chumba, inajaza data yake, na Chrome inaifuata anwani ya zamani mpaka inatekeleza amri za mvamizi. Mteja hajapakua kitu, kafungua ukurasa tu. Antivairasi inayokagua mafaili itakagua nini, wakati yote yanatokea ndani ya kumbukumbu? Kilichobaki ni uzio unaoutenga ukurasa na mfumo, nao wavamizi waliuvuka kwa tundu la pili, la win32k, sehemu ya kiini cha Windows, kwenye Windows 7 ya biti 32. Ndiyo hiyo mashine ya GB 2 mliyonayo mezani!

Tundu likizibwa, wavamizi hulinganisha msimbo wa zamani na mpya wakaliona lilipokuwa. Kwa hiyo toleo lililoachwa nyuma linazidi kuwa hatari kila mwezi.

3. Dawa ya tundu lile, 72.0.3626.121, ilishuka yenyewe, ila haifanyi kazi mpaka Chrome ifungwe na kufunguliwa upya. Steshenari inaiacha wazi kutwa. Kwa hiyo kwenye mashine ambazo Chrome yake bado inapokea matoleo mapya: fungeni madirisha yote kila jioni.

4. Mashine za Windows 7 ziwekeeni mfumo mwingine. Prosesa ya Core 2 Duo ni ya biti 64 hata kama Windows iliyomo ni ya biti 32; Core Duo isiyo na 2 haiwezi biti 64. Nakilini data, ongezeni RAM ifike GB 4, wekeni Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Iwasheni kwanza kutoka kwenye flashi, mjaribu printa na skana kabla hamjafuta chochote. Isiyokubali, chomoeni waya wa mtandao ibaki ya kuchapa tu.