Sanaa ya pua, au michoro ya puani?

SWALI: Natayarisha tafsiri ya maandishi ya chini ya skrini kwa makala ya televisheni kuhusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kuna sehemu inayoonyesha picha ambazo askari wa Marekani walizichora mbele ya ndege zao: warembo, wanyama, vikaragosi, pamoja na majina. Nimeandika hivi: "Sanaa ya pua ilipakwa kwenye ndege bomba baada ya kila misheni." Mhariri ameirudisha bila maelezo, ameweka alama tatu za kuuliza tu. Nimekosea wapi? Na je, majina ya ndege hizo niyatafsiri? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Mhariri wako ni mpole. Mimi ningeongeza alama ya nne.

Tuanze na pua, maana ndiyo iliyoharibu mengine. Kiingereza hulitaja jambo hili kwa maneno mawili yaliyokaa bega kwa bega, "nose art", pua na sanaa, bila chochote kati yake. Kiswahili hakikubali. Lazima tuseme hili linahusianaje na lile, na ukikimbilia "ya", mara nyingi msomaji ataelewa "kwa ajili ya" au "mali ya". Mafuta ya nywele ni ya kupaka nywele. Dawa ya meno ni kwa ajili ya meno. Mwambie mwanamke wa Tanga kwamba ndege fulani ilikuwa na mapambo ya pua, atakuuliza: kipini au hazama? Na "sanaa ya pua" inanifikisha mbali zaidi, kwa mtu anayepuliza filimbi kwa tundu moja la pua huku watu wakimtunza.

Dawa yake ni silabi moja tuliyoizoea hata hatuioni: -ni. Pua ikawa puani, na kitu kilichochorwa hapo kikawa mchoro wa puani. Sasa hatusemi tena kwamba sanaa ni ya pua. Tunasema iko wapi. Na hapa lugha yetu inatupa zaidi ya tulichoomba. Puani pa ndege au puani mwa ndege? Wengi huyachanganya, na katika mazungumzo ya barazani hakuna atakayekushtaki. Lakini ichukue ndege aina ya B-17, ile ya injini nne ambayo Wamarekani waliirusha kutoka viwanja vya Uingereza kwenda kuishambulia Ujerumani na maeneo iliyoyakalia. Mbele kabisa palikuwa na kioo cha plastiki, na nyuma ya kioo hicho aliketi mlenga mabomu, mwongoza njia akiwa nyuma yake. Hao walikuwa puani mwa ndege, ndani. Mrembo aliyechorwa nje alikuwa puani pa ndege. Kati ya "mwa" na "pa" kulikuwa na unene wa bati la alumini tu.

Kuna watakaokuambia kwamba ndege hana pua, ana mdomo, kwa hiyo tuseme mdomoni. Hoja hiyo ni ya ndege mwenye manyoya. Eropleni ililirithi jina la ndege bila kurithi kila kiungo chake, na marubani, mafundi na waandishi wa magazeti wamekwisha kuafikiana: ndege ina pua, mabawa, tumbo na mkia. Mdomo hauna.

Binafsi kuna neno ninalolipenda kuliko pua. Neno hilo ni omo, sehemu ya mbele ya chombo cha baharini. Msamiati wetu wa angani umetoka kwa kiasi kikubwa majini: rubani alikuwa mwongoza meli kabla hajapanda angani, na abiria na shehena tulikwisha kuwabeba kwa majahazi. Tena pwani yetu ina mfano wake wa kale: mtepe, kile chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba badala ya misumari, kilichorwa macho kwenye omo. Aliyeyachora hakuhitaji kufundishwa na Mmarekani kwa nini mtu anayeondoka bila kujua kama atarudi hutaka uso mbele ya chombo chake. Lakini maandishi ya skrini hupita kwa sekunde chache, na mtazamaji wa Dodoma akianza kuulizana na mwenzake omo ni nini, picha imekwenda. Andika puani.

Sasa "ndege bomba". Hapa naomba uvumilie, nitacheka kidogo. Bomba ni mrija wa maji au pampu, na kwa vijana ni kitu kizuri cha kuvutia. Kwa hiyo umeandika kwamba picha zilichorwa kwenye ndege kali, zinazowaka. Huenda zilikuwa hivyo, ila wewe ulikusudia bomu. Sema ndege ya kuangusha mabomu, au ya kudondosha mabomu. Najua ni ndefu. Usijaribu kuifupisha kwa "mshambuliaji", maana huyo anavaa jezi namba tisa na Jumamosi alikosa penalti. Wala "mlipuaji", ambaye katika taarifa za habari ni binadamu, tena mara nyingi marehemu. Ukishaitaja kwa urefu mara moja, baadaye "ndege" peke yake inatosha.

"Misheni" nayo ina wenyewe. Kwa msomaji wetu misheni ina kanisa la matofali, shule, zahanati na miembe. Mwenye lugha husema ndege ilitoka kwenda vitani mara kadhaa, au ilifanya safari kadhaa za vita. Na hapa sentensi yako ina kosa lisilo la lugha: picha haikuchorwa baada ya kila safari. Picha ilichorwa mara moja. Kilichoongezwa baada ya kila safari ni alama, kwa kawaida bomu dogo, safu kwa safu, kama muuza maji anavyochora mistari ya makaa ukutani kwa mteja anayelipa mwisho wa mwezi. Ndege yenye mabomu madogo ishirini ubavuni ilikuwa imekwenda na kurudi mara ishirini.

Kitenzi "ilipakwa" pia kibadilishe. Tunapaka rangi, tunachora picha. Ukipaka picha, umeichafua. "Kunakshi" nako usikutumie, ingawa kunapendeza masikioni. Nakshi ni ya milango ya Unguja na Lamu, maua na minyororo iliyochongwa au kutiwa kwa mpangilio unaojirudia. Msichana aliyeketi na simu mkononi hajirudii.

Huyo msichana wa simu simbuni. Ndiye aliyekuwa kwenye Memphis Belle, B-17 ya kundi la 91 la ndege za kuangusha mabomu, lililokuwa Bassingbourn, Uingereza, na kwa swali lako la majina hakuna mfano bora. Rubani wake, Robert Morgan, aliipa ndege jina kwa ajili ya mchumba wake, Margaret Polk wa mji wa Memphis, Tennessee. Picha yenyewe haikuwa ya Margaret. Ilitokana na mrembo wa mchoraji George Petty katika gazeti la Esquire la Aprili 1941, na aliyeihamishia kwenye bati ni koplo Tony Starcer, mchoraji wa kundi hilo. Ubavu wa kushoto alimvika bluu, wa kulia nyekundu. Kufikia Mei 1943 Morgan na wenzake walikuwa wametimiza safari 25, na mwezi uliofuata wakarudishwa Marekani pamoja na ndege yao. Leo ipo katika jumba la makumbusho la jeshi la anga la Marekani, Dayton, Ohio.

Jina usilitafsiri, lifafanue. Andika "Memphis Belle, yaani Mrembo wa Memphis" mara ya kwanza, kisha liache lilivyo. Kuna atakayekushauri useme "Kipusa wa Memphis". Ni tamu kweli, ila kipusa ni pia pembe ya faru, na ndege yenye kipusa puani itamchanganya mtazamaji kuliko bomba lako.

Halafu shika ngeli. Wale askari waliizungumzia ndege yao kama mwanamke, na mfasiri hujikuta akiandika "Memphis Belle alirudi". Usikubali. Ndege ilirudi, mrembo amevaa nyekundu. Kiswahili hakina jike na dume katika viambishi, kina kilicho hai na kisicho hai, na hapa tofauti hiyo inakusaidia: mtazamaji atajua papo hapo kama unasema juu ya chombo au juu ya picha.

Makala yako bila shaka itafika Agosti 1945, kwa hiyo jihadhari na nyakati za vitenzi pia. Enola Gay, iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6, ilikuwa na jina tu, la mama yake rubani Paul Tibbets, bila picha. Ya Nagasaki tarehe 9, Bockscar, inajulikana kwa mchoro wa behewa lenye mabawa, mzaha juu ya jina la Frederick Bock, rubani wake wa kawaida, linaloungana na "boxcar", neno la Kiingereza la behewa la mizigo. Mzaha huo haufasiriki. Ueleze kwa maneno machache au uache. Lakini usiandike "ndege iliyokuwa imechorwa behewa iliangusha bomu". Mchoro uliwekwa baada ya safari ile, ambayo Bock mwenyewe hakuirusha ndege hiyo; aliyeirusha ni Charles Sweeney. "Ilikuwa imechorwa" inampa msomaji picha ambayo siku ile haikuwapo. Andika "ambayo baadaye ilichorwa".

Sentensi yako basi iwe mbili: "Askari walichora picha puani pa ndege zao za kuangusha mabomu. Kila ndege iliporudi salama, waliongeza bomu dogo ubavuni." Ikizidi nafasi ya skrini, kata "salama", kurudi kwenyewe kunatosha.