Njia ya maji ya ziada ya kujitengenezea kwa PVC: ipimwe kwa umeme unaokatika na kurudi

Mwenzetu ameuliza kama anaweza kushusha maji ya tangi lake la samaki la lita 250 hadi kwenye sampu (tangi dogo la chini, ambalo pampu yake huyarudisha maji juu) kwa mabomba ya PVC yanayopita juu ya ukingo, bila kutoboa kioo, kwa sababu samaki wamo ndani tayari. Inawezekana. Nilitumia mfumo huo kwa miaka mitatu hapa Dar es Salaam, kwenye tangi la mbuna (samaki wadogo wa Ziwa Malawi) lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 45 na kimo cha 50. Hata hivyo, ningependa aujenge akifikiria zaidi dakika ambayo umeme unakatika na ile unaporudi, kwa maana pampu ikiwa inazunguka vizuri karibu kila mfumo unaonekana mzuri.

Bomba la ndani hukatwa meno mahali pale unapotaka uso wa maji ukae. Kutoka hapo maji hushuka, hugeuka kwa elbo (viungo vya kona) mbili, hupanda na kuvuka ukingo, kisha hushuka nje, hugeuka tena na kupanda hadi kwenye tii (kiungo chenye umbo la T) iliyo wazi juu, ambayo ndiyo inayoyamwaga kuelekea sampu. Mdomo wa tii uwe chini ya meno kwa sentimita 2 au 3, na mgeuko wa ndani uwe chini zaidi ya tii hiyo. Vipimo hivi viwili ndivyo roho ya kazi yote: pampu ikizimwa, maji husimama kwenye migeuko yote miwili, hewa haipati pa kuingilia, na umeme ukirudi sifoni, yaani mvuto wa maji ndani ya bomba unaoyavusha ukingo, huendelea yenyewe. Tii isizibwe kabisa. Ikikera kwa kelele, ivishwe kofia yenye tundu dogo.

Adui mkubwa ni hewa inayojikusanya taratibu kwenye kilele cha bomba. Nilidhani bomba nene ni salama zaidi, nikaweka la inchi moja na nusu kwa pampu ndogo iliyokuwa ikirudisha lita 1,200 kwa saa (niliipima kwa ndoo ya lita 10, ikajaa kwa sekunde 30). Maji yalipita polepole mno, hivyo mapovu hayakusukumwa yatoke. Baada ya wiki kadhaa sifoni ilikatika nikiwa kazini. Chumba cha pampu ndani ya sampu kilikuwa na takriban lita 20, na pampu iliyapandisha yote kwenye tangi ambalo lilikuwa limebakiza sentimita 2 tu kufika ukingoni, yaani nafasi ya lita 10.8. Yaliyobaki niliyakuta sakafuni, na pampu ilikuwa imeungua kwa kuzunguka pakavu.

Nilirudi kwenye bomba la inchi moja, nikatoboa kilele chake na kuunganisha mrija mwembamba wa hewa unaoishia kwenye mdomo wa kuvutia wa pampu ndogo ya mzunguko iliyozama ndani ya tangi. Pampu hiyo hunyonya hewa muda wote, na umeme ukikatika ncha ya mrija hubaki chini ya maji, kwa hiyo hakuna hewa inayorudi. Nilisogeza pia kioo cha kugawa sampu ili chumba cha pampu kisiweze kutoa zaidi ya lita 8, nikaongeza swichi ya boya inayozima pampu maji yakipungua.

Upande wa pili wa hatari ni bomba la kurudishia, ambalo nalo hugeuka sifoni pampu inapozimika. Kwenye tangi langu kila sentimita moja ya kina ni lita 5.4. Mdomo wa bomba ukiwa sentimita 10 chini ya uso wa maji, lita 54 zinaweza kushuka, na sampu yangu ya sentimita 80 kwa 35 ingepanda sentimita 19 hivi. Toboa tundu la milimita 6 kwenye bomba hilo, sentimita moja chini ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kukata mvuto. Mwani na konokono huliziba, basi lisafishwe kila wiki. Vali ya kuzuia maji kurudi siitegemei, kwa kuwa uchafu kidogo tu huiacha nusu wazi.

Kama tangi lingekuwa tupu, ningekushauri utoboe kioo bila kusita, ukitumia kitobozi cha almasi na maji ya kupoza, baada ya kuhakikisha kioo hicho si kile kilichopashwa moto na kupozwa haraka ili kiwe kigumu (tempered), maana hicho hupasuka chote. Matundu yawe mawili: moja la kazi, jingine la dharura linalobaki kavu.

Kabla hujauamini mfumo wako, zima pampu na uiwashe tena mara kumi, kisha ziba meno kwa kitambaa na uiache pampu ivute hadi boya liizime, huku ukitazama maji yanaishia wapi kwenye tangi. Mwishowe izime, subiri maji yote yatulie, na uhakikishe sampu imebaki na angalau sentimita 4 tupu. Washa tena, na maji yakitulia chora mstari kwa kalamu ya wino mahali yalipofika kwenye chumba cha pampu. Unapoongeza maji yaliyopungua kwa mvuke, usiuvuke mstari huo.