Kwa wengine inanuka, kwa wengine inanukia

SWALI: Mimi ni mwalimu wa biolojia, Morogoro. Katika somo la jeni na hisi ya harufu niliandika ubaoni: "Androstenoni hunuka kwa binadamu, lakini kipokezi kikibadilika haiwezi kunuswa." Mwalimu mwenzangu akasema "hunuka" si lugha ya adabu, niandike "hunukia". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, mwenzako hayuko sahihi. Ila na wewe sentensi yako ina walakini, tena si wa lugha peke yake.

Kunuka ni kutoa harufu mbaya, kunukia ni kutoa harufu nzuri. Soksi zinanuka, wali wa nazi unanukia. Kwa kuwa kunukia kuna sura ya kauli ya kutendea, wapo wanaodhani ni kunuka kulikovishwa heshima. Hebu mwambie mwenye nyumba kwamba choo chake kinanukia, uone kama hatadhani unamkejeli. Wahenga nao walisema mavi ya kale hayanuki. Hawakuona haja ya kulipamba neno. Kuna vijitabia viwili vya kukumbuka: manukato yametokana na mzizi huohuo wa kunuka ingawa yenyewe hunukia, na magazeti yakiandika "mgomo wanukia" hayasifii mgomo, yanasema uko njiani. (Ukishafika, vijana watakwambia kimenuka.)

Anayetaka adabu ana njia nyingine, nayo ni nomino. Muuguzi husema "kidonda kinatoa harufu", na kila mtu anaelewa ni harufu gani. Hapo ndipo penye mtego kwa mwandishi wa sayansi: harufu ikiachwa peke yake, masikio yetu huisikia kuwa mbaya. "Chumba kina harufu" ni malalamiko. Ukitaka neno lisiloegemea upande, lipe mwenyewe au sifa: harufu ya karafuu, harufu ya androstenoni, harufu kali, harufu hafifu.

Sasa turudi kwenye androstenoni yako, maana ndiyo iliyonifurahisha. Kemikali hii imo katika jasho na mkojo wa wanaume, na katika mate ya nguruwe dume. Mwaka 2007 watafiti wa vyuo vikuu vya Rockefeller na Duke, Marekani, walionyesha kwamba namna mtu anavyoisikia hutegemea kwa sehemu jeni iitwayo OR7D4, yenye maelekezo ya kutengeneza kipokezi kimoja cha harufu, yaani protini ya puani inayonasa molekuli. Wenye umbo lake lililo la kawaida zaidi huisikia kwa nguvu na kuichukia: jasho, mkojo. Lipo umbo jingine ambalo amino asidi (vijenzi vya protini) mbili za protini hiyo, ya 88 na ya 133, ni tofauti, na kipokezi chake hakiitikii vizuri. Wenye umbo hilo aghalabu huisikia kidogo, na haiwaudhi sana. Wapo watu wanaoilinganisha na vanila, wapo wasioisikia hata chembe. Kwa hiyo "androstenoni hunuka kwa binadamu" si kweli, na "hunukia kwa binadamu" si kweli vilevile. Ugomvi wenu ubaoni ulikuwa juu ya kitenzi kimoja, wakati jambo lenyewe linavitaka vyote viwili: kwa wengine hunuka, kwa wengine hunukia, na wengine hawaisikii kabisa.

Wala androstenoni si kioja cha peke yake. Binadamu ana jeni zipatazo 400 za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi. Familia hiyo ya jeni iligunduliwa na Linda Buck na Richard Axel mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Ukichukua watu wawili wowote, utafiti wa mwaka 2014 ulikadiria kuwa nakala zao za jeni hizo hutofautiana kiutendaji kwa zaidi ya asilimia 30. Mfano wa jikoni ni majani ya giligilani, ambayo Kenya huitwa dania na Zanzibar kotmiri. Baadhi ya watu huyaona yana harufu ya sabuni, na sehemu ndogo ya tofauti hiyo imehusishwa na eneo la kromosomu lenye jeni OR6A2. Mazoea ya mezani nayo yana sehemu yake. Hapa Kiswahili kinakupa muundo mzuri usiohitaji "kama": "kwangu kotmiri inanuka sabuni", sawa na ananuka pombe, ananukia waridi.

Kuhusu "haiwezi kunuswa", hapo nakupinga moja kwa moja. Kunusa ni tendo la makusudi, la kuvuta hewa puani ili kutafuta. Mbwa wa polisi ananusa mabegi, mpishi ananusa maziwa kabla ya kuyamimina. Mwanafunzi wako asiye na kipokezi hicho anaweza kuinusa androstenoni kutwa nzima. Anachokosa ni kuisikia. Usiogope kusema "kusikia harufu", na usikubali anayekwambia kusikia ni kwa masikio tu. Sisi husikia njaa, baridi, maumivu na harufu. Kuhisi pia kunafaa, ingawa kwangu kunaelekea zaidi kwenye kudhani. Kipokezi chenyewe hakinusi wala hakisikii: hunasa molekuli, kisha seli yake hupeleka taarifa ubongoni.

Ningeandika hivi: "Baadhi ya watu husikia harufu ya androstenoni kuwa mbaya, wengine kuwa nzuri, na wengine hawaisikii, kwa sababu vipokezi vyao havifanani." Na jeni iache katika ngeli ya I-ZI, jeni hii, jeni hizi. Daftari likiwa na "majeni", tumia kalamu nyekundu.