Taa mpya, giza lilelile: maswali ya wenye pikapu za zamani

Barua za safari hii karibu zote zinahusu taa za mbele. Tumeanza na ile ndefu, kwa kuwa jibu lake linawagusa na wengine waliouliza.

SWALI: Habari za kazi. Nina Hilux LN106 ya mwaka 1993. Nimenunua taa mbili mpya za mbele pamoja na balbu mpya za H4, lakini usiku bado naendesha kwa kubahatisha. Fundi ananishauri niweke balbu za wati 100/90. Nimsikilize?
— Msomaji, Morogoro

JIBU: Usizinunue kwanza, ndugu yetu. Karibu kila mara tatizo la gari la umri huo liko kwenye nyaya, na balbu kubwa italizidisha.

Balbu ya H4 ya kawaida ina wati 60 kwenye fulu na 55 kwenye dimu. Mwanga wake hupimwa ikiwa inapata volti 13.2, na hapo dimu hutoa takriban lumeni 1,000 na fulu 1,650. Volti zikipungua kidogo, mwanga hushuka kwa kasi kubwa zaidi. Zikifika 11.5 kwenye soketi, unabaki na karibu asilimia 63 tu ya mwanga ulioulipia. Kwenye gari la miaka 30, lenye swichi iliyochakaa na viunganishi vilivyoota kutu ya kijani, kupoteza volti moja na nusu njiani ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa tazama ushauri wa wati 100/90. Dimu ya wati 55 huvuta karibu ampea 4.6, ile ya wati 90 huvuta 7.5. Kadiri umeme mwingi unavyopita kwenye waya uleule mwembamba, ndivyo volti nyingi zaidi zinavyopotelea humo. Waya unapata moto, soketi ya plastiki inalainika na kuwa kahawia, na ule mng'ao wa ndani ya taa uliyotoka kununua unaanza kuungua juu ya balbu. Mwanga unaongezeka kidogo kwa wiki chache, halafu unaanza kununua soketi.

Pima kwanza. Injini inawaka, taa ziko dimu, balbu iko mahali pake. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja iguse chanya ya betri na nyingine iguse pini ya chanya nyuma ya balbu. Namba unayoiona ni volti zilizopotea upande wa chanya. Rudia upande wa hasi: hasi ya betri na pini ya hasi ya balbu. Ukipata zaidi ya 0.5 upande wowote, hapo ndipo mwanga wako unapopotelea.

Angalizo la Toyota: nyingi za miaka hiyo, Hilux ikiwemo, hukatia umeme wa taa upande wa hasi. Chanya hufika kwenye balbu moja kwa moja, kisha swichi ya usukani ndiyo inayoruhusu hasi ipite kwa dimu au kwa fulu. Hakikisha kwenye gari lako: chomoa soketi, washa taa, pima kila pini ukilinganisha na bodi. Pini moja ikionyesha volti 12 uwe kwenye dimu au fulu, gari lako ni la namna hiyo. Mafundi wengi wanaozoea magari mengine hupotezea hapa nusu siku.

Dawa yake ni kuzipa taa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo), nyaya za zamani zibaki kutoa amri tu. Utahitaji rilei mbili za pini nne za volti 12, ampea 30 au 40. Fyuzi ya ampea 15 kwa dimu na ya ampea 20 kwa fulu, kila moja kwenye kasha lisilopitisha maji. Soketi mbili za H4 za kauri. Na waya wa milimita za mraba 2.5, urefu wa mita 8 hivi. Waya wa amri unaweza kuwa wa 1.0.

Ondoa hasi ya betri. Chukua soketi ya zamani ya taa iliyo karibu na betri, hiyo ndiyo itakayotoa amri. Pini yake ya pamoja (ile iliyoonyesha volti 12 muda wote) iende pini yenye namba 85 ya rilei zote mbili. Pini ya dimu iende namba 86 ya rilei ya kwanza, pini ya fulu iende 86 ya rilei ya pili. Kutoka chanya ya betri pitia fyuzi, uingie namba 30 ya kila rilei. Fyuzi zikae ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwani waya uliotangulia fyuzi hauna ulinzi ukigusa bodi. Namba 87 ya rilei ya kwanza iende dimu za taa zote mbili, 87 ya rilei ya pili iende fulu. Waya wa hasi wa kila taa urudi hadi hasi ya betri, au ubanwe kwenye chuma kilichosuguliwa kwa msasa mpaka king'ae. Kubana juu ya rangi hakusaidii.

Rilei ya kawaida haijali chanya iingie 85 au 86, kwa hiyo mpango huu unafanya kazi hata kwenye gari linalokatia upande wa chanya. Kataa rilei iliyochorwa alama ya dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu), hiyo inajali. Na ukiuziwa rilei ya pini tano, usiiguse pini ya 87a: ina umeme rilei ikiwa imelala, na taa zitawaka gari likiwa limezimwa.

Soketi ya zamani ya upande wa pili izungushie tepu na uifunge juu, mbali na maji. Ukimaliza, washa dimu. Taa moja ikiwa nyeupe na nyingine ikiwaka hafifu kwa wekundu, waya wa hasi wa ile hafifu haujakaa, na umeme unatafuta njia kwa kuzunguka kupitia nyuzi nyingine. Rekebisha kabla ya kugusa kitu kingine. Rudia kipimo cha volti injini ikiwaka: kwenye soketi sasa unatakiwa uone zaidi ya 13.

SWALI: Nina Land Cruiser pikapu ya HZJ75 yenye taa za duara. Kioo kimoja kimepasuka. Dukani nimeonyeshwa aina mbili, zinafanana kwa sura, moja inauzwa karibu nusu ya bei ya nyingine. Muuzaji anasema hazina tofauti. Ipi nichukue?
— Mama mwenye gari, Mombasa

JIBU: Zigeuze uelekeze kioo kwenye jua, mama, usome maandishi yaliyo juu yake. Tofauti imeandikwa hapo.

Tafuta kwanza herufi E yenye namba ndani ya duara. Namba ni ya nchi iliyoidhinisha taa hiyo: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 11 Uingereza, 43 Japani. Herufi HCR karibu yake maana yake ni taa ya halojeni yenye dimu na fulu. Kisha tafuta mshale. Kwa sisi tunaopita kushoto, Kenya, Tanzania na Uganda, unatakiwa uone mshale mlalo unaoelekea mkono wako wa kulia ukiwa umesimama mbele ya taa ukiitazama. Taa yenye E isiyo na mshale imetengenezwa kwa nchi zinazopita kulia. Mshale wenye ncha mbili unafaa kote.

Hili ni kubwa kuliko bei. Dimu hukata mwanga kwa mstari wa usawa, lakini upande wa ukingo wa barabara mstari hupanda ili uone mtembea kwa miguu na baiskeli isiyo na taa. Kwetu unapanda kushoto. Taa ya nchi za kupita kulia, kama zile zinazoletwa kutoka Dubai, hupandisha kulia, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Hakuna skrubu ya kurekebisha kasoro hiyo. Ukiona kila anayekuja anakuwashia fulu ilhali wewe uko dimu, anza kwa kuitazama alama hii.

Taa za zamani kutoka Japani zinaweza zisiwe na E, na si kosa, Japani nao hupita kushoto. Hizo zithibitishe kwa kuwasha mbele ya ukuta. Wasomaji wa Bujumbura, Kigali na Goma, kwenu mambo yanageuka: gari la Japani lililopitia bandari ya Dar linakuja na taa za kushoto, nanyi mnahitaji zisizo na mshale.

Taa za duara za Land Cruiser za kabla ya sura mpya ya 2007 ni za inchi 7, yaani milimita 178. Kama yako bado ni ile iliyozibwa, isiyofunguka kubadilisha balbu, ya H4 inaingia kwenye pete ileile na soketi ya pini tatu ni ileile. Angalia tu kwamba nyuma kuna nafasi ya balbu na mpira wake. Wakati wa kufungua, legeza skrubu tatu ndogo zinazoshika pete, uizungushe itoke. Skrubu mbili ndefu zenye springi ni za kulenga mwanga. Watu wengi hufungua hizo kwa makosa, kisha hushangaa taa inaangaza kwenye miti.

Nunua mbili kwa pamoja. Kioo kipya kando ya cha zamani huipa barabara mwanga wa pande mbili tofauti, na jicho huchoka.

SWALI: Niliweka balbu za LED kwenye Hilux ya 1996. Dimu haiwaki, fulu inawaka vibaya. Nimebadilisha seti mbili. Balbu ni feki?
— Msomaji, Eldoret

JIBU: Huenda ni nzima. Halojeni haijali chanya iko wapi, LED inajali, na gari lako huenda linakatia umeme upande wa hasi kama tulivyoeleza juu. Ule mfumo wa rilei utazifanya ziwake, kwa kuwa rilei hutoa chanya na hasi kwa mpangilio wa kawaida.

Hata zikiwaka, hatukushauri ubaki nazo. Ndani ya H4, uzi wa dimu umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma kinachozuia nusu ya mwanga. Reflekta, yaani ule mng'ao wa ndani ya taa, imechongwa kufuata uzi huo mahali ulipo. LED ina vipande bapa pande mbili, nene kuliko uzi, na kosa la milimita moja linatosha kuharibu mstari. Wewe utaona weupe mwingi mita 15 mbele ya bampa na kudhani umepata taa, kumbe mbali umepoteza. Ukitaka LED, nunua taa nzima iliyobuniwa kwa LED, yenye E na mshale.

SWALI: Taa mpya za plastiki zimeingia maji msimu wa kwanza wa mvua. Nizizibe zote kwa silikoni?
— Msomaji, Bukoba

JIBU: Ukungu mwembamba unaoondoka taa zikiwaka nusu saa ni wa kawaida. Maji yanayotikisika ni ufa au gundi iliyorukwa kiwandani. Toa balbu, kausha juani ukiwa umeelekeza tundu chini, ziba ufa tu. Tumia silikoni isiyonuka siki: ile ya siki hutoa mvuke unaokula mng'ao wa reflekta. Vitundu vya kupumulia viache wazi, na kimpira chake kielekee chini. Ndani usifute kwa kitambaa hata kama kuna vumbi, mng'ao hutoka nalo.

SWALI: Taa za Hilux Vigo ya 2013 zinaingia kwenye ya 2008?
— Msomaji, Dodoma

JIBU: Hapana. Sura ilibadilika 2011, pamoja na bampa na grili.

SWALI: Nabeba mahindi. Gari likijaa, taa zinaangaza juu. Nizilenge vipi?
— Msomaji, Iringa

JIBU: Upepo wa matairi uwe sawa, dereva akae ndani, gari lisimame kwenye sakafu tambarare mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka chini, weka tepu ukutani kwa kimo hicho, na nyingine sentimita 15 chini yake. Ziba taa moja kwa gunia, washa dimu ya pili, uzungushe skrubu ya juu hadi mstari bapa uguse tepu ya chini. Kona ambapo mstari unaanza kupanda kushoto inyooke na katikati ya taa hiyo. Hiyo ni kazi ya skrubu ya pembeni.

Kwa taa iliyo sentimita 85 kutoka chini, mteremko huo unafikisha mwanga karibu mita 57. Sentimita 10 zingekupa mita 85, lakini ukipakia pua inanyanyuka na kila anayekuja unampofusha. Kwa kuwa unabeba karibu kila siku, pakia gunia zako za kawaida kisha ulenge hapo hapo. Likiwa tupu utaona karibu kidogo, upunguze mwendo. Kama hata mzigo mdogo unanyanyua pua, tazama springi za nyuma: jani lililovunjika huonekana kama ufa mweusi wenye kutu, mara nyingi karibu na bolti ya katikati.