Kipima-pombe cha kuunda mwenyewe: je, sensa ya MQ-3 inafaa kuwapima madereva?

Ndugu, umeuliza kama unaweza kuunda kipima-pombe kwa MQ-3, sensa ndogo inayonusa mvuke wa pombe, na Arduino, kibao cha kielektroniki kinachosoma sensa, ukauzie chama cha wenye matatu ili madereva wapimwe alfajiri kabla ya kutoka stendi. Nimeviunda vifaa vya namna hiyo hapa Mombasa. Kwa maonyesho ya sayansi shuleni kinatosha kabisa, lakini ajira ya mtu isitegemee namba zake.

Ndani ya sensa hiyo mna utando wa oksidi ya bati unaopashwa moto kwa waya mdogo. Katika hewa safi, oksijeni hujishika juu ya utando na kuzizuia elektroni, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, ukawa mkubwa. Mvuke wa pombe ukifika huiondoa oksijeni hiyo na ukinzani hushuka. Tatizo ni kwamba utando huo haubagui. Fungua chupa ya sanitaiza shibiri mbili kutoka kwenye sensa, nawe utaona namba ikipanda kana kwamba mtu ametoka baa. Hata asetoni, ambayo mgonjwa wa kisukari kilichomzidi huweza kuitoa kwenye pumzi bila kuonja tone, huiamsha. Unyevu wetu wa pwani nao huyumbisha vipimo, na waya ule wa moto hula takriban miliampea 150 kwa volti 5, kwa hiyo usiuunganishe moja kwa moja kwenye pini ya Arduino.

Vipima-pombe vingi vya mkononi vya polisi hutumia seli yenye elektrodi mbili za platini na asidi katikati: pombe hugeuzwa kuwa asidi ya siki, na umeme unaozalishwa hulingana na kiasi cha pombe. Asetoni haiigusi seli hiyo. Sensa yake ni ghali, lakini hapo ndipo fedha zako ziende.

Hata ukiipata, pumzi yenyewe ina taratibu zake. Hewa inayotakiwa ni ya mwisho, ile ya ndani kabisa ya mapafu, kwa hiyo kifaa kipime kwanza kama mtu amepuliza vya kutosha ndipo kivute sampuli. Aliyetoka kusukutua kwa dawa yenye pombe asubiri dakika 15. Kwa kawaida huchukuliwa kwamba mililita 2,100 za pumzi zina pombe sawa na mililita 1 ya damu, lakini uwiano huo hutofautiana baina ya watu. Vipimo virekebishwe kwa mchanganyiko wa maji na pombe wenye kiasi kinachojulikana, uliopashwa hadi nyuzi 34, na zoezi hilo lirudiwe mara kwa mara. Mteja asiyekubali kulilipia usimuuzie.

Kama mtaji ni mdogo, sensa za oksidi ya bati zina soko jingine. Naoyoshi Taguchi wa Japani aliziendeleza miaka ya 1960 kwa ajili ya kugundua gesi inayovuja, na king'ora cha jikoni hakihitaji namba kamili. Chukua MQ-6, sensa ya jamii hiyo inayonusa gesi ya kupikia, uifunge karibu na sakafu, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa.