Muulize Fundi: Logi inasema sekunde 0.4, mbona kaunta wanalia?

Barua zimekuja nyingi mwezi huu, nimechukua tatu kwa sababu zote zinauliza kitu kimoja bila wenyewe kujua: namba ya kasi uipime na uisome vipi isikudanganye. Yule wa printa inayotoa karatasi nyeusi nitakujibu toleo lijalo, vumilia.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi ndio mtu wa IT kwenye SACCOS moja huku Mbeya, niko peke yangu, printa ikigoma ni mimi, mtandao ukikata ni mimi. Mfumo wetu wa akiba na mikopo siku za kawaida uko poa, ila kuanzia tarehe 25 mpaka mishahara iishe watu wa kaunta wanalia, unabonyeza salio unasubiri mpaka mwanachama anaanza kukuangalia vibaya. Meneja kaletewa kipeperushi cha seva mpya, prosesa nyingi, benchimaki (jaribio la kulinganisha kasi za mashine) inasema ina nguvu mara 4 ya tuliyonayo. Nikamwomba nipime kwanza. Nikachukua wastani wa muda wa kujibu wa mwezi mzima kwenye logi (kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia) ukaja sekunde 0.4, meneja akacheka, akasema basi tatizo halipo, ni watu wa kaunta wavivu. Nimesoma kwamba kuna kupima mfumo wenyewe, kuna simulesheni (kuuiga mfumo kwa programu), kuna hesabu za foleni, sasa nimechanganyikiwa nianze na ipi. Siku za moto rikwesti (maombi yanayotumwa kwenye mfumo) zinafika 5 kwa sekunde, prosesa inacheza asilimia 30, diski (tunayo moja tu, ile ya kuzunguka) inakuwa bize asilimia 90.

JIBU: Mdogo wangu, pole, na huo wastani wako ndio uliokuponza. Umechanganya usiku wa manane ambapo hakuna mtu na saa tano asubuhi ya tarehe 28 ambapo foleni imefika mlangoni, halafu ukagawanya. Na hata ukichukua saa ileile moja bado wastani unaweza kukudanganya. Fanya rikwesti 100, 95 zikajibiwa kwa sekunde 0.2 na 5 zikachukua sekunde 12 kila moja, ukijumlisha ni sekunde 79, wastani 0.79, unaenda kwa meneja unasema tuko chini ya sekunde, wakati hakuna hata mtu mmoja aliyesubiri sekunde 0.79, kuna waliojibiwa papo hapo na kuna watano waliosimama wakahesabu vigae. Kwa hiyo wapange wote kuanzia aliyejibiwa haraka mpaka aliyechelewa, umtazame wa 95 na wa 99, na ufanye hivyo kwa saa za msongamano peke yake. Hicho ndicho kipimo cha mtu wa kaunta. Meneja yeye anataka kingine, kwamba kwa saa moja wanachama wangapi wamehudumiwa. Na wewe fundi unataka cha tatu, kifaa gani kiko bize kiasi gani. Usivichanganye maana vinagombana: ukitaka kifaa kiwe bize muda wote ili pesa ya ununuzi isipotee, mtu wa kaunta ndiye atakayelipa kwa kusubiri.

Kingine usisahau kutenga zilizofeli. Mfumo unaorudisha "jaribu tena baadaye" kwa sekunde 0.01 kwenye logi unaonekana una kasi ya ajabu.

Haya, njia. Mimi naanzaga na swali moja tu, hicho kitu unachotaka kukijua kipo au hakipo? Mfumo wako wa sasa upo, uko mezani, unaumwa, kwa hiyo pima. Seva mpya haipo, iko kwenye karatasi, huwezi kupima karatasi, hapo inabidi hesabu au simulesheni. Simulesheni kwa mtu aliye peke yake na printa juu ya kichwa itakula wiki kadhaa kuiandika na kuihakikisha, na uamuzi wako unatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Hesabu ya foleni inachukua nusu saa na kalamu, haitakuwa sahihi mpaka tone la mwisho lakini itakwambia uelekee wapi. Hesabu hizi ni za zamani kuliko kompyuta yenyewe, Agner Erlang alianza kuziandika mwaka 1909 kule Copenhagen akiwaza simu za watu zinavyogongana kwenye laini chache, tatizo ni lilelile la kaunta yako.

Sasa angalia namba zako ulizoandika mwenyewe. Diski bize asilimia 90, rikwesti 5 kwa sekunde, maana yake kila rikwesti inaikalia diski sekunde 0.18 (0.9 gawa kwa 5). Kanuni ya foleni rahisi kabisa, ile inayochukulia watu wanakuja ovyo ovyo na mhudumu ni mmoja, inasema muda wa jibu ni muda wa huduma gawa kwa nafasi iliyobaki. Nafasi iliyobaki kwako ni 0.1 (1 toa 0.9), kwa hiyo 0.18 inageuka sekunde 1.8. Siku ya kawaida rikwesti zikiwa 2 tu, diski iko bize asilimia 36, jibu linakuja kwa sekunde 0.28 hivi. Ndio maana tarehe 10 kila mtu anakusifia. Sasa shika kiti: wanachama wakiongezeka kidogo tu, kutoka rikwesti 5 kwenda 5.4, diski inafika asilimia 97 na jibu linaruka mpaka sekunde 6.4. Watu wameongezeka asilimia 8, kusubiri kumezidi mara tatu na nusu. Mtu wa kaunta hajawa mvivu hata kidogo.

Unaweza kuhakiki kwa kanuni ya John Little, aliyeithibitisha mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda wanaokaa. Saa ya msongamano hesabu rikwesti ngapi ziko ndani ya mfumo, rudia kila dakika chache, chukua wastani. Ukipata 9 hivi, 9 gawa kwa 5 ni 1.8, hesabu na kipimo vimepatana. Ukipata 20 ujue kuna foleni nyingine imejificha mahali, labda kwenye mtandao wa tawi, na karatasi yangu hii usiiamini mpaka uipate. Hii ya kukagua njia moja kwa njia nyingine usiiruke, mimi niliwahi kuiruka nikamnunulisha mtu rami ambayo mpaka leo imekaa kwenye boksi.

Umeshaona seva ya kipeperushi inauza nini? Prosesa. Prosesa yako iko asilimia 30, imekaa inapiga miayo inaisubiri diski. Ukiiongeza mara 4 itapiga miayo mara 4. Na hiyo benchimaki muulize muuzaji ni ipi. Kama ni TPC-C, ile ya tangu 1992, inaiga biashara ya jumla yenye maghala na oda za bidhaa, ni benchimaki ya heshima kabisa ila kazi yake sio kazi yako, ninyi mwisho wa mwezi mnatoa salio na taarifa za mikopo. Kabla hujatumia shilingi, itafute ile kwiri (swali ambalo mfumo unaiuliza hifadhidata) inayopitia jedwali zima kwa kukosa indeksi, ile faharasa ya kuitafutia data haraka, karibu kila mfumo wa namna hiyo unayo moja. Ukiishusha kazi ya diski kutoka 0.18 mpaka 0.12, hata kwa rikwesti 5.4 jibu linakuwa sekunde 0.34. Bado ikisumbua nunueni diski ya SSD, ile isiyozunguka, halafu pima tena tarehe 28, sio tarehe 10.

SWALI: Salamu kutoka Eldoret. Mimi ni mwanafunzi wa masters, nimefanya simulesheni kulinganisha algorithimu mbili za kashe (hifadhi ndogo ya haraka ya data inayotumika mara kwa mara). Yangu ilishinda ya zamani kwa asilimia 25 kwa wastani lakini supavaiza amekataa matokeo, anasema nimecheza na namba. Sijacheza na chochote! Data ni hii: kazi ya kwanza, ya zamani ilichukua sekunde 10, yangu 20. Kazi ya pili, ya zamani 20, yangu 10. Nimegawanya ya zamani kwa yangu nikapata 0.5 na 2, wastani 1.25.

JIBU: Ndugu, supavaiza wako yuko sawa na wewe si mwongo, umeingia shimo ambalo wengi wameingia. Hebu geuza, gawa yako kwa ya zamani. Unapata 2 na 0.5, wastani 1.25, sasa ya zamani ndiyo imeshinda kwa asilimia 25. Namba ni zilezile! Ukiwa na uwiano usichukue wastani wa kawaida, zidisha halafu utafute kipeuo cha pili: 0.5 mara 2 ni 1, kipeuo chake 1, yani mmetoka sare. SPEC, wale wanaopima prosesa tangu 1988, kwa benchimaki zao za CPU wanatumia wastani wa namna hiyo. Ila mimi kwako ningeacha uwiano kabisa, weka sekunde zenyewe kwenye jedwali, kwa sababu habari tamu ni kwamba algorithimu yako inafaa kazi ya pili na inaharibu ya kwanza, na hapo ndipo thesis ilipo. Eleza kwa nini.

Na hujasema uliirudia mara ngapi. Mara moja haitoshi, badilisha mbegu ya namba za bahati (namba inayoanzisha bahati nasibu ya simulesheni) angalau mara kumi, tupa sehemu ya mwanzo ambapo kashe ni tupu bado, kisha utoe na upana wa makosa, yani matokeo yanapishana kiasi gani. Ukiweza kuirekodi mifuatano ya maombi kutoka seva halisi ukailisha simulesheni yako, maswali ya supavaiza yatapungua sana.

SWALI: Asalaam aleikum fundi, nipo Muscat, mwanangu anaanza chuo Zanzibar. Dukani kuna laptopu ya 3.2 GHz na nyingine 2.4 GHz bei moja. Si nichukue ya 3.2?

JIBU: Waaleikum salaam mama. Hapana, sio kwa namba hiyo peke yake. GHz ni mapigo kwa sekunde, haisemi kila pigo linafanya kazi kiasi gani. Pentium 4 zilifika 3.8 GHz na mwaka 2006 zikapitwa na Core 2 Duo za 2.4. Ukilinganisha prosesa za familia moja na mwaka mmoja angalau namba hiyo ina maana kidogo, tofauti na hapo iache. Muulize mwanao atasomea nini, kisha dukani waambie wafungue programu hiyohiyo kwenye zote mbili, na simu yako ihesabu sekunde. Angalia na rami, isipungue GB 8, na chaji inakaa saa ngapi, maana umeme nao una mambo yake.