Offret: vita ilitokea au aliiota? Na yale maneno kwa mwanawe

Wakuu, mtoa mada anasema wameitazama Offret, filamu ya mwongozaji Mrusi Tarkovsky (1986), hapa Kirumba, Mwanza, na kundi likagawanyika. Nusu wanashikilia kwamba vita ya nyuklia ilitokea na Alexander, mzee ambaye ndiye mhusika mkuu, akaiondoa kwa nadhiri yake. Nusu wanasema mzee aliota tu. Halafu mwishoni, juu ya picha ya mti mkavu, yakatokea maandishi kwamba filamu inatolewa kwa mwanangu Andriusha, kwa tumaini na imani, na hakuna aliyejua yanamhusu nani.

Anzeni na mwanga, maana hapo ndipo watazamaji wa huku hupotea kwanza. Mwanza giza linaingia karibu saa moja jioni, iwe Januari iwe Julai, kwa hiyo tumezoea kwamba usiku ni giza. Filamu hii ilipigwa Gotland, kisiwa cha Sweden, na kule kiangazi usiku hauwi mweusi kabisa. Mtu akiona ule ukijivu anadhani Alexander anakwenda kwa Maria, mtumishi wa nyumbani kwake, alfajiri, na tangu hapo mpangilio wote unamvurugikia. Ni usiku uleule wa tangazo la vita kwenye televisheni.

Jambo la pili ni rangi. Usiku ule rangi zimefifishwa hadi picha inakaribia nyeusi na nyeupe, na asubuhi, mzee akiamka, zinarudi. Kama runinga yenu imeongezwa rangi kama ya kuonyeshea mpira, au projekta inawaka chumba kina mwanga wa dirishani, tofauti hiyo hamtaiona. Rudisheni rangi katikati, fungeni pazia, kisha mrudie kuanzia ndege zinapopita chini na mtungi wa maziwa unapodondoka kabatini.

Sasa hoja yenyewe. Wa upande wa ndoto wana ushahidi mzuri: asubuhi taa inawaka, simu iliyokuwa imekufa inafanya kazi, na mhariri anayepigiwa anajibu kama siku yoyote ile. Lakini liangalieni jina la filamu. Kwa Kiswahili linaweza kuwa sadaka au kafara, na mimi nachukua kafara, kile kitu kinachotolewa ili balaa liondoke. Kafara ikipokelewa, balaa haliachi alama. Taa kuwaka ndicho ambacho ndoto ingeleta, na ndicho ambacho kafara iliyopokelewa ingeleta. Kwa hiyo pande zote mbili zinashika ushahidi mmoja, na kubishana kuhusu simu hakutawafikisha popote.

Kinachonielemeza upande wa nadhiri ni moto. Alexander aliahidi kuachana na nyumba, na mwanawe, na usemi. Asubuhi dunia iko salama, hakuna anayemdai, naye anapanga viti barazani, anatandika vitambaa, anawasha kiberiti. Wa nyumbani kwake wanaona kichaa, gari la wagonjwa linamchukua. Ukisema "aliota tu", umesimama pale walipo wao.

Itazameni pia namna moto ule ulivyopigwa: kamera iko mbali, watu wanakimbizana kwenye madimbwi, na kwa dakika kama sita picha haikatwi mpaka nyumba inaanguka. Mara ya kwanza kamera ya mpiga picha Sven Nykvist ilikwama nyumba ikiwa inateketea, ikabidi nyumba ijengwe upya na kuchomwa tena. Tarkovsky angeweza kuunganisha vipande. Hakutaka, kwa sababu palipokatwa picha mtazamaji angepata mahali pa kuchomeka ndoto.

Kuhusu Andriusha: ni mtoto wa Tarkovsky mwenyewe. Baba alitoka Urusi ya Kisovieti mwaka 1982 kwenda kufanya kazi Italia, na 1984 akatangaza kwamba harudi. Kijana alibaki kwao, akizuiwa kutoka. Wengi huyasoma maandishi yale kama wosia wa mtu anayejua anakufa, kwa kuwa alifariki Paris tarehe 29 Desemba 1986. Hesabuni tarehe: filamu ilipigwa kiangazi cha 1985, saratani ya mapafu ikagundulika mwishoni mwa mwaka huo, na kijana akaruhusiwa kutoka Januari 1986. Hadithi hii ya baba anayetoa hata mwanawe ilipigwa mtoto akiwa bado amezuiwa, kabla ugonjwa haujajulikana. Mei 1986, kule Cannes, kijana ndiye aliyepanda jukwaani kupokea tuzo ya baba yake.

Mkirudia, yakishatokea maandishi msizime. Rudini moja kwa moja kwenye dakika kumi za mwanzo. Mti ni uleule mkavu. Alexander anaongea bila kupumzika, anasimulia habari ya mtawa na mti uliomwagiliwa kila siku kwa miaka mitatu mpaka ukachanua, na mwanawe mdogo, aliyefanyiwa upasuaji wa koo, yuko kimya. Mwishoni baba amenyamaza, na mtoto aliyebeba ndoo za maji amelala chini ya mti, anauliza kwa sauti yake mwenyewe: "Hapo mwanzo kulikuwako Neno. Kwa nini, Baba?"